Nilivyokwenda Kaole Kumpima Mkwe Baharini

Jamaa zangu wavuvi wa mwaloni hapa Nansio, tangu nirudi kila anayenipita ananiuliza swali lilelile: "Umempa au hujampa?" Nikianza kujibu, mwingine anadakia, anataka habari za bahari, wa tatu anauliza kama kweli maji yake yana chumvi. Nimechoka kuanzia katikati. Nawasimulia mara moja, tena kwa mpangilio, na atakayenikatiza shauri yake.

Kilichonitoa mnakijua. Binti yangu Zuhura ni mwalimu kule Zinga, karibu na Bagamoyo, mwaka wa tatu sasa. Amepata mchumba, mtu wa Kaole, jina lake Ally, miaka thelathini na kitu, kazi yake uvuvi. Zuhura alinipigia simu akasema, "Baba, usikatae kabla hujamwona." Niliposikia mvuvi, tena wa baharini, nilitaka kukataa papo hapo. Kaka yangu Hamisi yumo ziwani mpaka leo, hatukumzika. Mama alikuwa akisimama ufukweni kila jioni akitazama maji mpaka naye akafa. Niliapa mwanangu hatasimama hivyo. Nikasema nitakwenda, nitaingia chombo kimoja na huyo bwana, nione akili yake. Akinitia shaka hata chembe, jibu ni hapana.

Kutoka Nansio hadi Chalinze

Fimbo zangu mbili za kuvulia sangara nilizitia ndani ya bomba la plastiki, lile la inchi tatu la kupitishia maji, nikaziba huku na huku. Nanyi mkisafiri fanyeni hivyo. Fimbo ikilazwa wazi kwenye buti la basi, gunia moja tu la mchele likiangukia ncha, umebaki na kijiti. Samaki wangu bandia niliwavua ndoano kwanza, nikawafunga kwenye taulo. Sikutaka mtu apekue mzigo wangu akaondoka na ndoano ya ncha tatu kidoleni.

Kwenye kivuko sikukaa. Kwenye basi nilikaa, lakini moyo haukukaa. Kila liliposimama nilishuka kutazama bomba. Shinyanga nilishuka, Singida nilishuka, Dodoma nilishuka mara mbili. Kondakta akanitazama akasema, "Mzee, humo ndani umebeba maiti?" Abiria wakacheka basi zima. Nikawaambia ni fimbo za kuvulia samaki, na hapo wakacheka zaidi, maana Dodoma na samaki wapi na wapi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Zuhura nikishamkataa mtu wake.

Nilishuka Chalinze na miguu iliyovimba, nikanunua maji, nikaulizia gari la Msata.

Msata, Fukayosi, na bomba la Mama Mihogo

Kutoka Msata kuna barabara ya lami inayokwenda Bagamoyo. Tulipofika Fukayosi gari likapasuka tairi, na la akiba nalo halina upepo. Dereva akaondoka na pikipiki kutafuta. "Nusu saa tu," akasema. Nusu saa ya dereva mnaijua.

Nilikaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga na chai ya tangawizi. Kabla sijaagiza, akaliona bomba langu na macho yakamng'aa.

"Alhamdulillahi! Fundi, umefika! Tumekungoja tangu juzi."

"Mama, mimi si fundi."

"Mafundi wote husema hivyo wakitaka kubembelezwa. Njoo uone."

Nikamweleza kwamba ndani mna fimbo za kuvulia samaki. Akanitazama kama nimemwambia ndani mna mvua. Mwisho niliona ugomvi utakuwa mrefu kuliko kazi. Bomba lake la uani lilikuwa linavuja kwenye kiungo. Nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli, nikakizungusha, nikakaza kwa uzi wangu wa nailoni na fundo lile tunalofungia ndoano: unapita mara mbili kwenye tundu, unazungusha mara tano, unalowesha kwa mate ndipo unavuta. Bila mate uzi hujiunguza wenyewe ukawa dhaifu. Maji yakaacha kutoka. Mama akashangilia, akanijazia mihogo na pilipili ya ndimu, chungu nzima, hata nikaogopa kupanda gari na tumbo lile.

Nikamweleza niendako. Akasikitika kidogo.

"Pwani ni watu wazuri," akasema. "Ila wana adabu mpaka wanaudhi. Ukikosea njia kwao, watakusindikiza mpaka huko ulikopotelea."

Nikacheka. Nilidhani ananichekesha.

Kaole

Zuhura alinipokea Bagamoyo, tukaenda Kaole pamoja kwa bajaji. Kanenepa kidogo, anacheka na kila mtu. Nilimtazama nikaona amefurahi, na hilo likanizidishia hofu.

Mama yake Ally, Bi Tatu, alitandika mkeka, akaleta maji ya kunawa, kisha wali wa nazi, pweza wa rojo na changu wa kukaanga. Wallahi sijawahi kula pweza. Niliitazama ile mikono yake yenye vikombe, nikafumba macho, nikatafuna. Ni mtamu, msiniulize zaidi.

Ally aliingia baadaye. Mrefu, mkimya, mikono imekatwakatwa na nyuzi. Akainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Njema, baba."

Nilimwuliza maswali kumi, akanijibu "Ndiyo, baba" mara tisa. La kumi lilikuwa kama nitaongezwa mchuzi. Hakukaa mkekani nami. Alikaa pembeni kwenye kigoda, macho chini. Zuhura akaninong'oneza, "Anakuonea haya, baba. Wewe ni mkwe."

Nikaomba kuiona boti. Ni ya faiba, urefu wa hatua kumi, mashine ya hospawa kumi na tano. Niliikagua kama askari. Nikagonga ubavu kusikiliza kama kuna mahali pameachana, hapakuwapo. Nikatikisa mashine, nikauliza kama kuna plagi ya akiba, ipo. Makasia yapo. Kopo la kufulia maji yanayoingia botini lipo, limefungwa kwa kamba lisipotee. Maboya ya kuvaa yapo manne, si yale ya kuning'iniza kwa ajili ya wakaguzi tu, haya yamepauka kwa kuvaliwa. Nanga mbili, moja ya mchanga na moja ya mwamba, hii ya pili imetengenezwa kwa nondo zinazokunjuka ukivuta kwa nguvu ili isibaki chini. Nilitafuta kosa nikalikosa. Ningelipata ningelala vizuri zaidi.

Mwambani, mara ya kwanza

Kesho yake mchana tulitoka kujaribu. Mwamba anaovulia uko chini ya maji, hauonekani. Aliupata kwa kupanga mnara wa simu juu ya paa jekundu la nyumba fulani, na upande mwingine mnazi uliokatika kichwa juu ya ncha ya mikoko. Vitu viwili huku, viwili huku, vikikaa sawa, uko juu yake. Hilo lilinipendeza, lakini sikumwambia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoaibika. Sangara wetu akimeza ndoano anakimbia, anaruka, anatikisa kichwa. Wewe unamlegezea, unainamisha fimbo akiruka, unamchosha. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini. Nikashusha uzi wenye chubwi, risasi ya kuzamishia, na kipande cha ngisi mpaka chini, nikainua kidogo, na mara kitu kikavuta fimbo mpaka ncha ikagusa maji. Chewa! Nikamlegezea nimchoshe. Rili, kile kigurudumu cha uzi, ikalia mara moja tu, halafu kimya. Uzi ukawa umekufa kama umefungwa kwenye nguzo.

"Ameingia pangoni, baba," akasema Ally.

Kumbe chewa hakimbii mbali. Anageuka, anaingia shimoni, anatanua mashavu, hutamtoa wewe wala babu yako. Chewa unatakiwa kumvuta kwa nguvu zote pale pale, rili umeikaza, usimpe hata shibiri moja. Ukishamwinua hatua tatu kutoka chini, amekwisha. Na uzi uwe mnene, mara mbili ya ule wa sangara, na hatua moja ya mwisho iwe ngumu zaidi kwa ajili ya mawe.

"Ulijua atafanya hivyo?" nikamwuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na uliniona nalegeza?"

Akatazama mashine. "Nilikuona, baba."

Nilijiambia ni haya tu, itamtoka. Jioni Bi Tatu akaniletea maji baridi ya mtungini, yaani yasiyo na chumvi, nikaoshe rili zangu. Msipuuze hilo mkienda kule: chumvi inakula rili kwa siku moja, asubuhi unakuta imeshikana.

Kijitoni

Siku iliyofuata tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukaupita mji wa Bagamoyo kushoto kwetu, tukaelekea kaskazini kwenye mlango wa mto Ruvu. Nilitaka kurusha samaki bandia pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, maana samaki wa kuwinda hujibanza kwenye mpaka wa maji machafu na masafi, ziwani na baharini ni hivyohivyo. Unarusha upande wa maji safi, unavuta haraka haraka, unaacha ghafla. Wakati wa kuacha ndipo anapopiga. Nikapata kolekole wa mkono mzima. Nikachangamka, nikaanza kutoa amri.

Yapata saa moja na nusu nikaona kijito kinaingia kwenye mikoko. Maji shwari, kivuli.

"Ally, tuingie pale tunywe chai."

Akatazama kijito. Akatazama mizizi ya mikoko. "Pametulia, baba."

"Basi tia nanga."

"Leo ni bamvua, baba," akasema taratibu.

Sikujua bamvua ni nini. Na mimi kumwuliza mtu ninayekuja kumpima? Nikajibu, "Haidhuru." Akatia nanga. Tukala mkate wa kumimina wa Bi Tatu, chai ya iliki kwenye chupa. Nikajinyoosha. Nilipofumbua macho boti imelala ubavu, na yale maji yote hayapo. Hayapo! Tope jeusi, kaa wanatembea pale tulipopita na mashine.

Nyie wenzangu wa ziwani mtanicheka. Kwetu maji ukiyaacha asubuhi unayakuta. Kule bahari inajaa na kupwa kila siku, na siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo hiyo bamvua, inajaa sana na kupwa sana. Tulikuwa tumekwama mpaka irudi.

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, baba. Ikichelewa sana, saa saba, inshaallah."

Nikatazama mikoko. Nikatazama mto. "Huu ndio mto Ruvu? Una viboko?"

"Wapo, baba."

"Na mamba?"

"Nao wapo."

Jua likapanda. Kivuli kikatuhama. Maji ya kunywa chupa moja. Kila kijiti kilipovunjika mikokoni nilishika kasia. Kiboko mmoja alikohoa mahali, sikumwona, na hilo ni baya kuliko kumwona. Nikawa nahesabu wangapi watakuja kututafuta na hawatajua tuliko. Mwisho hasira ikapanda juu ya hofu.

"Ally, wewe ulijua tutakwama."

"Nilijua, baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema ni bamvua."

"Hukusema tutakwama!"

Akainua macho, mara ya kwanza tangu nimjue. "Baba, wewe ni mkwe wangu. Nitakuambiaje hapana?"

Sasa niwaambie jambo ambalo hamlijui, hata mama Zuhura halijui. Nilimwambia Ally pale topeni, na nikishamwambia yeye siwezi kuwaficha nyie. Siku aliyokufa Hamisi, mimi nilikuwamo mtumbwini. Mjomba ndiye aliyekuwa nahodha. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Ukara, jeusi, na mimi niliyekaa mbele nililiona wa kwanza. Mjomba akasema, "Tuvute wavu mmoja tu." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema moyoni, mjomba ni mtu mzima, analiona. Nikanyamaza. Mjomba alikuwa amelipa mgongo wingu lile, hakuliona kabisa. Tulipinduka. Mimi na mjomba tukashika ubao. Hamisi hakushika kitu.

Nilikuwa nalia, sioni aibu kuwaambia. Nikajipangusa kwa kofia.

"Basi mwanangu," nikamwambia, "mtu anayenyamaza chomboni simpi binti yangu. Nakuona ni mwema, mama yako ni mwema, lakini Zuhura simtoi."

"Nimesikia, baba," akasema. Akashuka topeni, akaenda kukagua nanga.

Mwambani, mara ya pili

Maji yalirudi kama alivyosema. Yaliingia kimya kimya kwenye nyayo za kaa, kisha kwenye nyayo zetu, kisha boti ikasimama wima. Tukatoka. Njiani nikamwonea huruma, nikataka angalau turudi na kitu cha kumpa Bi Tatu.

"Tupitie mwambani," nikasema. "Yule chewa."

Akakubali. Akapanga mnara na paa, mnazi na ncha. Akatia nanga ya nondo. Safari hii nilikaza rili mpaka mwisho, nikafunga uzi mnene, nikashusha. Nilingoja muda mrefu. Halafu ncha ikainama.

Sikumpa hata shibiri. Nilivuta kwa mgongo, kwa magoti, kwa kila kitu. Akapanda hatua moja, mbili, tatu. Ametoka! Nikasikia uzito wake umelegea kidogo, nikajua amekubali. Nilikuwa napiga kelele kama mtoto. "Ally! Ametoka pangoni! Leta kulabu!"

"Baba, tunarudi."

Sikumsikia. Au nilisikia nikadhani anasema jambo jingine.

"Baba. Geuka utazame."

"Subiri, anakuja! Dakika moja!"

"Hapana, baba."

"Nimesema dakika moja tu!"

"Hapana."

Akapita mbele yangu na kisu. Uzi ukalia *twa!* Nikaanguka kwa matako kwenye sakafu ya boti, fimbo mkononi, nyepesi kama ufagio. Alikuwa tayari anang'oa nanga, anawasha mashine. Nilimtukana. Nilimtukana yeye na ukoo wake, kwa maneno ambayo hayafai kusemwa na mtu anayetarajiwa kuitwa babu. Alinitupia boya la kuvaa akasema, "Vaa, baba," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Nikavaa.

Ndipo nikageuka. Upande wa kusini bahari ilikuwa imepoteza mstari wake. Wingu limeshuka mpaka majini, jeupe chini na jeusi juu, na linakuja kwa kasi. Nilikuwa nimelipa mgongo muda wote.

Mvua ilitukuta tukiwa tunauona ufukwe. Ilipiga kwa ubavu, upepo ukainua pua ya boti, nikafua maji na lile kopo lililofungwa kamba mpaka mikono ikafa ganzi. Ally amesimama kwenye mashine, anachagua mawimbi moja moja, hapunguzi wala haongezi bila sababu. Nilipotazama nyuma, pale mwamba ulipokuwa hapakuonekana kitu, ni povu tu.

Ufukweni

Nilimwona Zuhura kabla hatujafika. Amesimama mvuani peke yake, kanga kichwani imeloa chapa chapa, anatazama maji. Amesimama vilevile kama bibi yake. Moyo ulinipasuka, jamani. Lakini sisi tulikuwa tunafika, na hiyo ndiyo tofauti.

Nikaruka, nikamshika mkono. Ally akabaki nyuma na watu waliokuja kuvuta boti, kichwa chini, hanitazami. Ile haya yake imemrudia yote.

"Baba, mbona unatetemeka? Mmegombana?"

"Amenikatia uzi," nikasema. "Chewa ameshatoka pangoni, mkubwa sijapata kuona, na yeye akanikatia uzi. Nimemwambia asubiri, akaniambia hapana. Mara mbili. Mimi, mkwe wake!"

Zuhura akaziba mdomo kwa kanga. Machozi yakaanza kumtoka pamoja na mvua. "Baba, msamehe. Atakuja kukuomba radhi, namjua, hakukusudia kukuvunjia heshima..."

"Asithubutu kuniomba radhi!" nikamwambia. "Simu yako iko wapi? Mpigie mama yako. Mwambie nimempa."